Zangu Bado Zinawaka

4 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na kwamba hujaanza tena kubeba ndoo mwenyewe kama vile nyumba haina watu. Sisi huku hatujambo. Kaka yako goti limemshika tena, na bado hataki kusikia habari ya fimbo. Anasema fimbo ni ya wazee. Juzi nilimkuta anatembea ameegemea mwavuli, na angani hakuna hata wingu.

Nakuandikia kwa sababu uliniambia nisikupigie simu tena kwa habari ya kompyuta. "Ukiwa na neno la maana, liandike," ulisema, ukakata. Basi nimeliandika.

Ofisi yetu inabadilisha vifaa. Kompyuta zinazotolewa hazina kasoro yoyote. Wakubwa wameona mpya na roho zimewatoka, basi. Kwa kuwa stoo iko chini yangu, nimeruhusiwa kutafuta shule ya kupewa. Nimekuchagulia nane kwa ajili ya shule yako, nimezijaribu moja moja, nimezisafisha, nimezipanga kona ya stoo na kuzifunika shuka langu la zamani, lile la maua. Juu nimebandika karatasi: ZINA MWENYEWE. Hazilipiwi kitu. Gari la kuzileta ni juu yangu.

Najua unachofikiria. Sisemi zile alizokuungia marehemu Mzee Fundi darasani kwako zilikuwa mbaya. Mimi mwenyewe nilijifunzia hapo, kwenye ile ya dirishani iliyokuwa inanguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Nasema zimechoka, Shangazi. Hata mtu huchoka.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Kidole


20 Februari

Kwako Kidole,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, bado ni wangu. Mwambie kaka yangu kwamba nimecheka habari ya mwavuli mpaka jirani akachungulia. Yeye tangu utoto haumwi mbele za watu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa palepale ulipokuwa unakaa, ulipokuja kwangu unagonga kibodi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Nikajiuliza: huyu ndiye leo ananifundisha lini kifaa kimechoka?

Nisikilize. Chumba changu cha mbele kina kompyuta nane. Kila moja marehemu mume wangu aliiunga kwa mikono yake, kwa vipande alivyookota kwenye ofisi kama hiyo yako, zilizotupa vitu vizima kwa sababu wakubwa roho ziliwatoka. Leo hii nikiminya kitufe, zinawaka. Zinachukua muda, sikatai. Unaminya, unakwenda kuweka maji jikoni, unarudi, unaikuta imefungua macho. Lakini mwanafunzi wangu anajifunza kuchapa, kupanga barua, kufanya hesabu kwenye majedwali. Herufi A iko palepale ilipokuwa. Hakuna aliyeihamisha.

Hizo zako zitataka mtandao, zitataka leseni, zitataka kila wiki mtu wa kuja kuzibembeleza. Na Fundi hayupo. Akiharibikiwa mtu kwangu, nitamwita nani? Wewe uko mwisho wa dunia.

Darasa la mwaka huu ni zuri. Yuko mmoja tunamwita Mama Pacha. Ana mapacha wa kiume, na kazi yake ni kupiga deki masijala ya hospitali kuu. Mkuu wa masijala amemwahidi kwamba akipata cheti mwaka huu, ataacha ndoo na kukaa kwenye meza. Anakuja kwangu mikono bado inanuka dawa ya sakafu, na anachapa kuliko wote. Ukimwona anavyonyoosha mgongo mbele ya kibodi, utadhani tayari yuko ofisini.

Asante kwa moyo wako. Wape wengine. Zangu bado zinawaka.

Shangazi yako


11 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Kaka yako amekubali fimbo, ila anaiita "kijiti".

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Sikukusudia kukufundisha kazi.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, katika hizo nane, ngapi zinawaka kweli? La pili, hapa ofisini kuna dada ambaye mdogo wake anasoma uhazili kwenye mji wa jirani na wako. Anasema mwaka huu mtihani wa taifa hautafanyika tena kwenye karatasi na diski. Utafanyika kwenye mfumo mpya, na mfumo huo haukubali kompyuta za zamani. Je, nanyi mmeambiwa hivyo?

Meneja wangu amepita stoo, akainua shuka akauliza, "Hizi bado zina mwenyewe?" Nikamwambia zina mwenyewe. Lakini hatauliza kwa upole kila mara.

Mwanao,
Kidole


3 Aprili

Kwako Kidole,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari ya kijiti. Mimi huku mvua imenivujia sebuleni lakini chumba cha darasa ni kikavu. Fundi alilipaka lami lile paa mwenyewe.

Mbona siku hizi unaniandikia kama mkaguzi? "La kwanza, la pili." Nimechapa hukumu za mahakama miaka mingi kabla hujazaliwa, najua maswali ya kumbana shahidi yanavyopangwa.

Wanafunzi wanaendelea vizuri. Nimewapanga kwa zamu, asubuhi, mchana na jioni, ili kila mtu apate kiti bila msongamano. Mama Pacha anachukua zamu ya jioni akitoka hospitali. Mapacha wake wanakaa barazani wakigombania kalamu, nami nawaacha, kwani nyumba hii imekaa kimya mno.

Habari za mtihani kubadilika nimezisikia tangu enzi za mashine za taipu. Kila mwaka kuna jipya, na kila mwaka siku ya mtihani ikifika wanakuja na karatasi zao wakiwa wameloa jasho. Msimamizi ni mtu, anaona hali. Usinitie kiwewe, wala usiwatie wanafunzi wangu.

Nakuomba tuandikiane habari za nyumbani.

Shangazi yako


7 Juni

Kwako mwanangu,

Kaka yangu anaendeleaje? Umenyamaza muda mrefu, na mimi nimenyamaza kwa sababu nilijua nimekuandikia vibaya. Nilitaka uanze wewe. Sasa naanza mimi.

Juzi jioni niliwasha ile ya dirishani, ile uliyojifunzia. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza, kisha moshi ukatoka nyuma. Siyo mwingi, lakini harufu yake imeshika mapazia mpaka sasa. Wanafunzi walisimama wote ukutani. Mama Pacha ndiye aliyechomoa waya. Nikawaambia waende nyumbani, nikakaa peke yangu na bisibisi za Fundi. Nikaifungua. Mwanangu, sikujua hata ninatazama nini. Siku zote nilipokuwa namshikia tochi, sikuwahi kutazama mikono yake inafanya nini. Nilikuwa namtazama yeye.

Uliniuliza ngapi zinawaka. Zimebaki tano, na mbili kati ya hizo huganda mtu akiwa katikati ya sentensi. Zile zamu nilizokuambia siyo za kuondoa msongamano.

Zilete. Hizo nane, na shuka lake la maua. Mtihani ni katikati ya Julai. Wakikaa nazo hata wiki tatu watakuwa wamezizoea.

Sijui kuomba, wewe unanijua. Ndiyo maana barua imekuwa fupi. Zilete, mwanangu.

Shangazi yako


9 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mwezi wa nne wote tulikuwa tukienda na kurudi hospitali kwa ajili ya goti la Baba, mpaka wakamfanyia upasuaji. Sasa yuko nyumbani, anaamuru watu kama kawaida.

Nakuandikia ili usiwe na wasiwasi tena juu ya zile kompyuta. Wiki iliyopita Meneja aliingia stoo akiwa na mgeni, mwalimu mkuu wa sekondari moja ya huku. Akaniuliza mbele yake, "Hizi bado zina mwenyewe?" Nikatazama ile karatasi niliyobandika mimi mwenyewe. Nikasema, "Hapana. Hazina mwenyewe."

Walizipakia kwenye lori siku ileile. Yule mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Basi jambo hilo limekwisha, wala sitakusumbua tena. Tuandikiane habari za nyumbani, kama ulivyotaka.

Mwanao,
Kidole


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe saba nimeipata leo mchana. Yangu nadhani umeshaipokea, na laiti ningeweza kuirudisha kutoka mikononi mwako.

Nimevunja agizo lako nikakupigia simu. Haipatikani. Nimempigia jirani yako, akasema simu yako imekufa tangu mwezi wa tano na hutaki kutengenezewa.

Nimekwenda mpaka kwenye ile sekondari. Nilimwomba mwalimu mkuu anirudishie hata nne tu. Alinichukua akanionyesha maabara. Wameshapaka rangi chumba, wamezifunga mezani kwa minyororo, na watoto walikuwa ndani. Mmoja akanisalimia kwa adabu, akidhani mimi ni mkaguzi. Nikamwitikia. Nikaaga nikatoka.

Kwa basi hili nakutumia kompyuta yangu ya mkononi. Ni moja tu, lakini ni nzima. Na nakusihi jambo moja. Kile chuo cha ng'ambo ya barabara yako, cha yule kijana unayemwita Mwalimu Miwani, kina vifaa vipya. Nenda sasa hivi ukamwombe viti vya siku ya mtihani, kabla hajawajaza watu wake. Nenda leo, Shangazi, usingoje.

Na uniambie ukweli, tangazo la mfumo mpya ulilipata lini?

Kidole


30 Julai

Kwako mwanangu,

Marahaba. Kompyuta yako ilifika salama, na hapa nilipo ndiyo ninayochapia. Vitufe vyake ni laini mno. Naogopa kuvigusa. Mpe kaka yangu pole ya upasuaji. Ningekuja kumtazama, lakini nilikuwa na mtihani mbele yangu, na sasa nina aibu.

Uliniuliza tangazo nililipata lini. Sitakujibu hilo kwenye karatasi.

Nitakueleza siku yenyewe, kwa kuwa nadhani una haki ya kuijua.

Wanafunzi walikuwa sita. Walikuja mapema wamepiga pasi. Mama Pacha alivaa viatu vya kuazima, vinambana, akavivua chini ya meza. Nilikuwa nimefagia, nimefuta vioo, nimeziwasha zote tano tangu alfajiri zisije zikanitia aibu, na kompyuta yako nimeiweka mwisho wa safu. Msimamizi aliingia. Kijana mpole, ana begi dogo begani. Akanisalimia vizuri, akachomeka kifaa chake kwenye mashine ya kwanza. Tukasubiri. Skrini ikawa nyeusi, halafu yakatokea maandishi: *Kifaa hiki hakifai kwa mtihani.*

Akajaribu ya pili, yaleyale. Ya tatu ikaganda kabla hata ya kusema lolote.

"Mama," akaniuliza, na alikuwa anauliza kwa nia njema kabisa, "hizi ni za mwaka gani?"

Nikamjibu, "Ni za mume wangu."

Akainamisha kichwa. Kisha akazijaribu mbili zilizobaki, nazo zikakataa.

Ile yako ilikubali. Akakaa mmoja, binti mdogo kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu nayo. Msimamizi akatoka kupiga simu, akarudi, akasema, "Nimezungumza na chuo cha ng'ambo. Wana viti viwili vimebaki. Wawili wanaweza kwenda sasa hivi, lakini wakimbie, mlango unafungwa saa tatu."

Wewe uliniambia niende mapema nikaombe viti. Barua yako niliipata, na nilikwenda. Nilifika hadi kwenye mlango wa kioo wa Mwalimu Miwani, nikamwona ndani amesimama na wanafunzi wake, kila mmoja na kompyuta yake. Aliwahi kusema dukani, nikiwa nyuma yake kwenye foleni, kwamba kwangu ni makumbusho. Nikageuka nikarudi nyumbani. Nikajiambia nitakuja kesho. Siku ya pili nikajiambia vilevile.

Basi viti viwili, watu watano. Wote wakanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshamtazama Mama Pacha, ila nikawa sina mdomo wa kusema, kwa maana wengine nao ni wanafunzi wangu. Na yeye akaniokoa, au sijui niseme alifanya nini. Akasema, "Waende hawa wadogo, Mwalimu. Mimi nimeshazoea kusubiri." Wadogo wawili wakakimbia, na wengine wawili wakaaga wakaondoka. Yeye akainama akavaa viatu vyake taratibu.

Nikamshika mkono. "Masijala watakungoja?"

"Mkuu alisema mpaka mwisho wa mwezi."

"Mtihani mwingine ni Desemba."

"Najua, Mwalimu."

Kesho yake nilivaa gauni langu la mahakamani nikaenda hospitali kuu. Mkuu wa masijala alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamweleza kwamba kosa si la mwanafunzi. Nikamwambia anachapa bila kutazama vidole, na amjaribu palepale, mbele yangu. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuamini. Lakini wakubwa wanataka cheti, na nafasi nisipoijaza mwezi huu wanaifuta kabisa. Nina mtu mwingine mwenye cheti." Nilipotoka, Mama Pacha alikuwa mwisho wa korido anapiga deki. Aliniona. Akasogeza ndoo ukutani nipite pakavu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Usinijibu kwa maneno ya kunifariji.

Shangazi yako


14 Agosti

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Baba. Aliomba kijiti chake, akatoka nje.

Hukutaka nikufariji, basi sikufariji. Nitakuambia la kwangu, kisha tuwe sawa.

Yule mwalimu mkuu hakuwa na haraka. Meneja naye hakunilazimisha. Alisema, "Kama zina mwenyewe, tutamtafutia mwalimu huyu nyingine mwezi ujao." Ningeweza kusema tu "ngojeni kidogo". Nilikuwa bado nina barua yako ya mwezi wa nne mkobani, ile ya mkaguzi. Nikasema hazina mwenyewe, na niliposema hivyo, Shangazi, nilijisikia vizuri. Mpaka lori lilipoondoka nilikuwa bado najisikia vizuri. Unilaumu kwa hilo, siyo kwa posta kuchelewa.

Nimeomba likizo ya Novemba nije kwako. Nimemwandikia Mwalimu Miwani barua pepe mimi mwenyewe. Nimemwomba ampokee Mama Pacha afanyie mtihani wa Desemba hapo kwake. Amejibu siku hiyohiyo. Amesema atampokea, na akaongeza kwamba angewapokea wote hata Julai, kama angeambiwa wiki moja kabla. Nimeona nikuambie, maana ungesikia tu.

Mwanao,
Kidole


22 Januari

Kwako mwanangu,

Marahaba. Nyumba imerudi kuwa kimya tangu uondoke. Nashukuru ulikuja, na nashukuru zaidi hatukuzungumza sana. Kaka yangu amenitumia salamu kwa simu hiyo uliyoninunulia. Alipiga kelele kama niko ng'ambo ya mto.

Shule nimeifunga rasmi mwezi huu. Ulipokuwa hapa ulishauri niendelee na hizo kompyuta mbili ulizoniletea Novemba. Nimefikiri. Ningeweza. Lakini kila mwanafunzi anayepita nje anaona mlango wa kioo ng'ambo ya barabara, na sina uso wa kumwambia aache kule aje kwangu. Hizo mbili nimezipeleka kwa Mwalimu Miwani mwenyewe. Alitaka kunipa darasa la asubuhi, nifundishe vidole. Alisema watu wake wanajua kompyuta lakini hawajui kuchapa. Nikamwambia nitamjibu. Bado sijamjibu.

Zile za Fundi alikuja mtu wa vyuma chakavu na mkokoteni. Nilimsaidia kuzibeba. Hazikuwa nzito kama nilivyodhani.

Sasa habari iliyonifanya niandike. Juzi Mama Pacha alikuja. Amefaulu, tena kwa alama za juu kabisa katika wote waliofanya Desemba. Alikuja na cheti ndani ya bahasha, akakiweka mezani akakinyoosha kwa viganja. Kimeandikwa jina la chuo cha ng'ambo, kwa kuwa ndiko alikofanyia. Nikamwambia hongera. Nikamuuliza masijala wanasemaje. Akasema nafasi haipo, na yule aliyewekwa ni mtu mzuri, haondoki. Amesikia kuna kazi mji mwingine, mbali, siku nzima kwa basi. Anakwenda wiki hii. Mapacha wanabaki kwa mama yake.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka nipate chumba, Mwalimu. Mwaka, labda. Wanajua. Mmoja ameelewa, mmoja ananinunia."

Kisha akaniomba barua ya kumtambulisha kwa mwajiri. Nikamwambia, "Barua yangu itakufaa nini, na chuo hakipo tena? Mwombe Mwalimu Miwani, ndiye aliye kwenye cheti."

Akasema, "Kule nilikaa siku moja. Nataka waandikiwe kutoka nilikosoma."

Chumba cha mbele kilikuwa kitupu, alama za meza tu sakafuni. Hii yako ya mkononi ilikuwa kwa fundi, ina kitufe kimekwama. Nikamwambia sina pa kuchapia. Akasema, "Iandike tu, nitaichapa mwenyewe nikifika." Basi nikachukua karatasi nikaandika kwa kalamu. Mkono ulikuwa umesahau. Nilifuta mstari wa kwanza mara kadhaa. Niliandika kwamba namfahamu, kwamba alisoma kwangu, kwamba anachapa bila kutazama na hakosei, na kwamba hakuwahi kukosa siku hata moja. Nikafika mahali pa kueleza kwa nini cheti kimechelewa. Nikaandika: *kwa sababu ya mwalimu wake.*

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika hapo akaomba kalamu. Nikampa, nikidhani anataka kusahihisha herufi. Akaukata ule mstari, mstari mmoja ulionyooka, akanirudishia kalamu.

"Huo hauhitajiki," akasema. Akaniaga, akatoka na barua, na mimi nikabaki nimeshika kalamu.

Laiti angeuacha, mwanangu. Hata kama ni kwa ajili yangu tu, angeuacha.

Shangazi yako